Simu ya siku ya nne

Simu hiyo hupigwa mapema. Gari bado limelala kwenye yadi ya polisi, uvimbe haujashuka, na wewe unajifunza upya kugeuka kitandani bila kupiga yowe. Sauti ya upande wa pili ni ya mtu mstaarabu. Anakupa pole, anauliza umelalaje, anauliza kama watoto hawajambo. Kisha anakueleza kwamba kampuni yao, ambayo ndiyo iliyomkatia bima dereva aliyekugonga, haitaki kuzungushana na wewe. Wako tayari kulipa wiki hii hii, ilimradi utie saini kwenye karatasi moja. Na wewe, ambaye hujaingia kazini tangu siku ile, na bili ya hospitali ipo mezani inakutazama, unaona umeshushiwa malaika.

Si lazima iwe siku ya nne hasa. Inaweza kuwa ya pili au ya kumi. Muhimu ni kwamba imekuja kabla wewe mwenyewe hujajua umeumia kiasi gani, na haikuja mapema kwa bahati.

Makala nyingi kuhusu madai ya ajali ya gari humwagia msomaji orodha: piga picha, andika namba za magari, nenda polisi, tunza risiti. Ni ushauri mzuri na nitaugusa. Ila orodha hizo huacha kando jambo linaloamua mengi kuliko picha na risiti, nalo ni nani anaweza kusubiri na nani hawezi. Nionavyo mimi, dai la fidia ni shindano la kusubiri lililovishwa joho la sheria. Kampuni ya bima inaweza kukaa na faili lako miaka mitatu na asipatikane hata mtu mmoja pale ofisini wa kulala njaa kwa sababu hiyo. Wewe ukikaa miezi mitatu tu, kodi ya nyumba imeshakushinda.

Mwaka 1974 mwanazuoni wa sheria wa Marekani, Marc Galanter, aliwagawa watu wanaofika mahakamani katika makundi mawili. Wapo wanaofika mara moja maishani, na wapo ambao kesi ni kazi yao ya kila siku. Wa kundi la pili, alisema, hawashindi kwa sababu mahakimu wanawapenda. Wanashinda kwa sababu wanaijua njia, wana wataalamu wao tayari, wanachagua kesi ipi wapigane na ipi walipe kimyakimya, na wakipoteza moja hawatikisiki kwa kuwa nyuma yake kuna elfu nyingine. Ajali ya gari ni mfano safi wa mgawanyo huo. Kwako hii ni siku mbaya kuliko zote ulizowahi kuwa nazo. Kwa ofisa madai wa kampuni ya bima, ni faili la kumi na saba kabla ya chakula cha mchana.

Na mafaili hayakauki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani. Kwa wanaojeruhiwa bila kufa, makadirio yake ni kati ya milioni 20 na milioni 50 kila mwaka. Wengi wao hawadai chochote. Wengine wanadai na kukubali cha kwanza walichopewa.

Turudi kwenye ile karatasi. Kwa kawaida ni fupi, na lugha yake haitishi. Inasema umepokea kiasi fulani, umeridhika, na kwa malipo hayo unamwondolea dereva, mwenye gari na kampuni ya bima madai yote yanayotokana na ajali hiyo, yanayojulikana na yasiyojulikana. Maneno mawili ya mwisho ndiyo kampuni inayoyanunua. Gharama zinazojulikana ni bili iliyopo mezani, na hizo haziwasumbui. Wanachotaka kukifunga ni kile ambacho bado hakijajitokeza: upasuaji wa mwakani, mkono usiorudi kunyanyua mzigo, usingizi usiorudi. Ukishasaini, sheria za nchi nyingi zinakuchukulia kama mtu mzima aliyefanya biashara kwa hiari yake. Kuirudisha nyuma saini hiyo kunahitaji uthibitishe ulidanganywa au ulilazimishwa, na ule ustaarabu wa kwenye simu hauhesabiki kuwa udanganyifu.

Kuna anayeweza kuuliza: si mtu anajua mwenyewe kama ameumia? Hapana, hajui. Wakati wa ajali mwili humwaga kemikali za kukabili hatari, na maumivu huzimika kwa saa kadhaa. Shingo iliyorushwa mbele na nyuma mara nyingi huanza kukaza siku ya pili. Damu inayovuja polepole kati ya fuvu na ubongo, hasa kwa wazee, inaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha kwa kichwa kuuma au mtu kuanza kuchanganyikiwa. Mfupa wa mguu unaweza kuunga vizuri kwenye picha ya eksirei na bado goti lake likaharibika miaka baadaye. Daktari makini hatoi neno la mwisho mpaka hali itulie, yaani ifike mahali ambapo matibabu zaidi hayatabadilisha kitu kikubwa. Hapo ndipo dai linaweza kupimwa. Kabla ya hapo, kila takwimu inayotajwa ni ya kubahatisha, na kati ya wabahatishaji wawili mmoja ameshaona mafaili elfu kumi ya aina yako.

Ndiyo maana navutiwa na sheria zilizoamua kuigusa simu yenyewe. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2018 sheria inayokataza, kwa majeraha ya shingo na mgongo yanayotokana na kurushwa mbele na nyuma ndani ya England na Wales, mtu kutoa au kupokea pesa za kumaliza dai kabla ripoti ya daktari haijapatikana. Ilianza kutumika Mei 2021. Sipendi kuisifu nusu bila kuitaja nusu nyingine: sheria hiyo hiyo ilileta jedwali la viwango vya fidia, na jeraha lisilozidi miezi mitatu lilianza kwa pauni 240, kiasi kilichopunguza mno kile ambacho mahakama zilikuwa zikitoa. Majeruhi alipewa muda kwa mkono mmoja na kunyang'anywa pesa kwa mwingine. Hata hivyo wazo la kwanza ni zuri na linajitegemea. Hakuna ofa kabla ya daktari. Sioni kwa nini liishie kwenye shingo.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi, na mapema zaidi. Sheria yake ya tarehe 5 Julai 1985, inayojulikana kwa jina la waziri wa sheria wa wakati huo, Robert Badinter, haikungoja majeruhi aende kupiga hodi. Inaitaka kampuni ya bima yenyewe ipeleke ofa kwa aliyejeruhiwa ndani ya miezi minane tangu ajali. Kama hali yake haijatulia, ofa hiyo ni ya muda tu, na ile ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi mitano tangu kampuni iarifiwe kwamba hali imetulia. Ikichelewa, inatozwa riba. Halafu kuna kipengele ninachokipenda kuliko vyote: majeruhi akishakubali, bado ana siku 15 za kubadili mawazo. Anaandika barua, na makubaliano yanakufa. Siku 15 zinatosha kuzungumza na ndugu mwenye akili timamu, kumwonyesha wakili ile karatasi, au kulala tu mpaka moyo utulie. Aliyeandika kipengele hicho alimjua binadamu mwenye bili.

Sheria hiyo ilifanya na jambo jingine kubwa. Mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli au abiria aliyeumizwa na gari hawezi kunyimwa fidia ya mwili wake kwa kuambiwa kwamba naye alizembea, isipokuwa kosa lake liwe zito lisilosameheka na liwe ndilo chanzo pekee cha ajali. Watoto chini ya miaka 16 na wazee waliovuka 70 wamelindwa hata zaidi ya hapo. Dereva hakupewa ukarimu huo. Mgawanyo huu una mantiki: anayeleta chuma cha tani moja na nusu barabarani abebe hatari yake, na asiye na chuma asibishane na mwenye nacho kuhusu nani aliangalia kushoto.

Kwingine ubishi huo ndio moyo wa dai, na una historia ya kikatili. Mwaka 1809 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mpanda farasi aliyekuwa akienda mbio jioni, wakati watu wanaanza kuwasha mishumaa, akajikwaa kwenye nguzo ambayo mwenye nyumba aliyekuwa akikarabati aliiacha imekatiza sehemu ya njia. Mwenye nguzo alikosea, hilo halikuwa na utata. Lakini mpanda farasi naye angekwenda taratibu angeiona. Akatoka mahakamani mikono mitupu. Kosa lake dogo lilimeza kosa zima la mwenzake. Kanuni hiyo ilitawala huko zaidi ya karne, hadi sheria ya mwaka 1945 iliporuhusu lawama igawanywe kwa asilimia. Majimbo machache ya Marekani, kama Maryland, Alabama, North Carolina na Virginia, bado yanaishikilia hadi leo, na huko ofisa madai anahitaji kukukuta na kosa la asilimia moja tu.

Asilimia zenyewe hujadiliwa kama bei ya sokoni, na zinaathiri pesa moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1970 jaji wa Kiingereza, Lord Denning, aliamua kesi ya dereva aliyegongwa bila kosa lake lakini hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu aliogopa kunaswa ndani ya gari. Wakati huo sheria ya nchi haikumlazimisha kuufunga. Hata hivyo jaji akaweka viwango: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, fidia ipungue robo, kama ungelipunguza sana, ipungue asilimia 15, kama usingesaidia, isipungue hata senti. Viwango hivyo bado vinatajwa. Linaloshikika hapo ni kwamba kuna maswali mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni nani alisababisha ajali. La pili ni nani alisababisha jeraha liwe kubwa kiasi hiki. Unaweza kuwa msafi kwa la kwanza na ukakatwa kwa la pili.

Hapa ndipo maneno ya pale pale barabarani yanapoingia. Kiswahili kimetutendea wema ambao lugha nyingine hazina: tunalo *pole* na tunalo *samahani*, na kila mmoja wetu anajua tofauti. Pole ni ya aliyeumia, haisemi chochote kuhusu mkosaji. Samahani ina harufu ya kukiri. Kwa Kiingereza neno ni moja, ndiyo maana jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria mwaka 2006 kusema kwamba kuomba radhi hakuchukuliwi kuwa ni kukubali kosa. Ukigongana na mtu, mpe pole kwa moyo wote. Nani alikosea, eleza kwa polisi kile ulichokiona, si kile unachokidhani. Dereva aliyetikiswa hujilaumu kwa mambo ambayo hakuyafanya, na maneno yake huandikwa.

Kuhusu ushahidi nitakwenda haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Picha za magari kabla hayajasogezwa, za breki zilizoburuza lami, za alama za barabarani. Namba za simu za walioona. Namba ya ripoti ya polisi. Haya yanajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba magari mengi ya sasa yana kisanduku kidogo cha kumbukumbu kinachohifadhi mwendo, breki, na kama mkanda ulifungwa, kwa sekunde chache kabla ya mgongano. Katika Umoja wa Ulaya kila gari dogo jipya linalosajiliwa tangu Julai 2024 lazima liwe nacho. Kumbukumbu hiyo haibishani na mtu. Lakini gari likiuzwa kama chuma chakavu, shahidi huyo anasagwa pamoja nalo. Mtu akihisi kuna ubishi kuhusu mwendo, aandike barua mapema kuzitaka pande zote zisiguse gari hilo mpaka lisomwe. Kamera za maduka na za barabarani nazo hujifuta zenyewe baada ya siku chache au wiki chache. Kwa hiyo kusubiri kunakomfaa majeruhi ni kwa aina moja tu: asubiri kusaini. Kwa kukusanya, asisubiri hata siku moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika sheria ya fidia usemi huo ni kanuni ya kazi. Fidia ina mafungu mawili. La kwanza ni hasara zinazohesabika: matibabu, dawa, nauli za kwenda kliniki, mshahara uliokatwa, matengenezo ya gari, ujira wa mtu uliyemwajiri akufanyie kazi za nyumbani ulizokuwa ukizifanya mwenyewe. Fungu hili hudaiwa kwa risiti na hati, na mahakama huwa kali nalo. La pili ni maumivu, ulemavu, na raha ya maisha iliyopotea. Hili halina risiti, ndiyo maana watu hulidai kwa jumla jumla na kulipwa kwa jumla jumla. Daftari la kawaida linalibadilisha. Mtu aandike kila jioni mistari miwili: leo sikuweza kumbeba mtoto, leo nimepata usingizi wa saa tatu tu, leo nimeshuka kwenye basi kwa sababu moyo ulikwenda mbio. Baada ya miezi sita anayo maisha yaliyopimika, na ofisa madai hana jedwali la kuyapinga.

Pia kuna sababu ya kiteknolojia ya kuandika. Kampuni nyingi za bima hazipimi maumivu kwa macho ya binadamu peke yake. Programu kama Colossus, iliyozaliwa Australia, humeza aina ya jeraha, matibabu, na maneno ya daktari, kisha hutoa kiwango cha pesa cha kujadiliana. Programu haijui kwamba ulilia usiku. Inajua tu kilichoandikwa kwenye faili la hospitali. Ukimwambia daktari "naendelea vizuri" kwa adabu tu, kama tunavyojibu salamu, umeandikiwa kupona. Kizunguzungu ambacho hukukitaja kliniki hakikutokea. Na ukikaa wiki sita bila kwenda kliniki kwa kukosa nauli, pengo hilo litasomwa kuwa ulikuwa mzima. Mwambie daktari kwamba nauli ndiyo iliyokuzuia, na uombe aliandike.

Sasa fungu gumu kuliko yote: kesho. Tumchukue seremala wa miaka 25 aliyepoteza uwezo wa mkono wa kulia. Atakosa kipato kwa miaka 40. Mtu wa haraka angezidisha hasara ya mwaka mmoja mara 40. Mahakama hazifanyi hivyo, kwa sababu pesa yote analipwa leo, kwa mkupuo, na anaweza kuiwekeza ikazaa. Kwa hiyo kizidisho, yaani ile namba inayozidishwa na hasara ya mwaka, hupunguzwa kwa kiwango kinachokisia faida halisi ya uwekezaji baada ya kutoa mfumuko wa bei. Kinaonekana kitu cha wahasibu, lakini tazama nguvu yake. England na Wales, kuanzia 2001, kiwango kilikuwa asilimia 2.5. Kwa miaka 40, bila kuhesabu uwezekano wa kufa mapema, kizidisho chake ni kama 25. Mwaka 2017 serikali ilikiri kwamba uwekezaji wa uhakika haulipi hivyo tena, ikakishusha hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri. Kizidisho kikaruka hadi karibu 47. Mwaka 2019 kikarekebishwa kidogo, na Januari 2025 kiwango kikawekwa asilimia 0.5 juu ya sifuri, ambacho kwa miaka hiyo 40 kinatoa kama 36. Mkono ni ule ule, kijana ni yule yule, na miaka ni ile ile. Kilichobadilika ni dhana kuhusu benki.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloonyesha upofu wa ile simu. Ofa ya siku ya nne haina kizidisho kabisa. Haina kesho ndani yake. Na hata ofa inayokuja mwaka mmoja baadaye inafaa kuulizwa swali hili: miaka mingapi imehesabiwa, na kwa punguzo gani? Majeruhi asiyejua kuuliza hivyo anajadiliana kuhusu jana tu. Kwa majeraha makubwa ya ubongo au uti wa mgongo kuna njia bora zaidi, ya kulipwa kila mwaka maisha yote badala ya mkupuo mmoja, na kule Uingereza majaji wamekuwa na uwezo wa kuiamuru tangu 2005. Hatari ya kuishi muda mrefu au mfupi inabaki kwa kampuni, ambayo ndiyo kazi iliyolipwa ada kuifanya.

Niwe mwadilifu kwa ofisa madai pia. Kuna watu huigiza maumivu, kuna ajali za kupanga, kuna madai ya shingo kutoka kwa abiria ambao hawakuwepo ndani ya gari. Pesa inayowalipa hao inatoka kwenye ada za madereva wengine wote. Kuhakiki ni wajibu wake. Tena dai dogo la bampa na taa halihitaji wakili wala miaka miwili. Mwenye bima kubwa alipwe na kampuni yake mwenyewe, nayo ikamdai mwenzake kwa jina lake, mambo yaishe. Ninachokataa ni uharaka kutumika pale ambapo kampuni ndiyo yenye faida nao, na ucheleweshaji kutumika pale ambapo majeruhi ndiye mwenye njaa. Ofisi ile ile iliyotaka kulipa siku ya nne huwa inaomba hati moja zaidi mwezi wa tisa, kisha nyingine mwezi wa kumi na moja. Umoja wa Ulaya umeweka miezi mitatu: mtu akishapeleka dai lake, kampuni itoe ofa yenye maelezo au jibu lenye sababu. Si dawa, lakini angalau inamnyima ofisa raha ya ukimya.

Wakili? Kwa jeraha lisilopona ndani ya wiki chache, ndiyo, na mapema. Marekani wengi hulipwa kwa sehemu ya kinachopatikana, mara nyingi theluthi. Inauma. Lakini kinacholipiwa hapo kwa sehemu kubwa ni ile subira: wakili anagharimia ripoti na wataalamu, anaingia kwenye lile kundi la watu wa kila siku, na faili lako linasimama pamoja na mafaili yake mengine. Anayekutafuta wodini kabla hujafunguliwa bandeji, huyo mwache. Naye amepiga simu ya siku ya nne kwa njia nyingine.

Subira nayo ina dari. England muda wa kufungua kesi ya jeraha ni miaka mitatu, na huko Marekani jimbo la Tennessee ni mwaka mmoja, la Maine ni sita. Ukipita, dai lako linakufa hata kama mkosaji anakiri mbele ya umati. Mazungumzo marefu yenye maneno matamu yamewavusha wengi tarehe hiyo bila kujua. Kalenda ya dai iandikwe ukurasa wa kwanza wa lile daftari.

Nchi moja ilichoka na shindano lote hili. New Zealand, tangu Aprili 1974, inamlipa kila aliyejeruhiwa kwa ajali bila kuuliza nani alikosea. Asiyeweza kufanya kazi hupata asilimia 80 ya kipato chake, kuanzia wiki ya pili, na kwa upande wa barabara pesa hiyo inatoka kwenye tozo za mafuta na leseni za magari. Alichokitoa mwananchi kwa kubadilishana ni haki ya kumshitaki mkosaji amlipe fidia ya jeraha. Wapo wanaolalamika kwamba maumivu yenyewe hayathaminiwi vya kutosha, na kwamba dereva mzembe hamtazami usoni aliyemlemaza. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini huko mshahara unaingia wakati mfupa bado unaunga, na hiyo ndiyo saa ambayo kila mahali pengine majeruhi anauza dai lake kwa bei ya dharura.

Kwa nchi ambazo hazitakwenda njia hiyo karibuni, kilicho karibu zaidi ni malipo ya awali. Mahakama za nchi kadhaa zinaweza kuiamuru kampuni iliyokwisha kukubali kosa itoe sehemu ya pesa sasa, kwa matibabu na riziki, na hesabu ya mwisho ije baadaye. Hata bila mahakama, kampuni inaweza kufanya hivyo kwa hiari, na nyingine hufanya zikiombwa. Wengi hawaombi kwa kuwa hawajui kwamba kati ya kusaini yote na kukosa yote kuna mlango wa tatu. Kwa hiyo yule mstaarabu akipiga, mshukuru kwa pole yake, mwambie daktari bado hajamaliza, kisha muulize kama wanaweza kulipa bili iliyopo mezani bila wewe kusaini kwamba madai yamekwisha. Jibu lake, lolote liwalo, mwombe alitume kwa maandishi.